Maswali ya Wasomaji: Tukifungia gemu za kupigana, uhalifu utapungua?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mama wa watoto watatu, huyu mkubwa ana miaka kumi na nne na siku hizi akishika simu au kompyuta ni gemu tu, zenyewe za kupiga watu risasi, damu inaruka mpaka mimi nageuza uso. Sasa kwenye grupu letu la wazazi kuna mwenzetu kaleta wazo tukusanye sahihi tuombe serikali izifungie kabisa, anasema nchi zilizofungia uhalifu umeshuka. Wengi wameshakubali. Mimi nimewaambia ngoja kwanza niulize. Ni kweli? Mtoto wangu simuoni kama mkorofi lakini naogopa nisije nikajuta baadaye. – *Mama wa Watatu*

JIBU: Dada yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla hujaweka sahihi, na nisikuzungushe: hapana, si kweli. Hakuna nchi ninayoijua ambayo ilifungia gemu halafu ikaonekana wazi kwamba uhalifu umeshuka kwa sababu hiyo, na zile zilizobana sana ndo zinatufundisha zaidi.

Anza na Venezuela. Mwaka 2009 bunge lao lilipitisha sheria ya kupiga marufuku gemu za kivita na hata vitu vya watoto vya mfano wa silaha, sheria ikaanza kufanya kazi 2010, na ukikamatwa unaingiza au unauza unaweza kwenda jela miaka 3 mpaka 5. Hiyo si onyo la kwenye kasha, hiyo ni jela kabisa. Na baada ya hapo? Miaka mingi iliyofuata Venezuela iliendelea kutajwa kati ya nchi zenye mauaji mengi kuliko zote duniani, kwa sababu yale yaliyokuwa yanaua watu hayakuguswa: bunduki zimejaa mikononi mwa magenge, muuaji anajua uwezekano wa kufikishwa mahakamani ni mdogo, uchumi unaporomoka, na polisi wenyewe wanalaumiwa kuua raia. Gemu imeondolewa dukani ila bastola iko pale pale.

Brazil nayo, Januari 2008 gemu ya kupigana risasi ya Counter-Strike ilianza kuondolewa madukani kwa amri ya mahakama, mwaka 2009 ikaruhusiwa tena. Mauaji kipindi kile yalikuwa karibu 50,000 kwa mwaka na kufikia 2017 yakapita 60,000. Sasa mtu akikwambia ona, waliporuhusu gemu mauaji yakapanda, muulize mbona baada ya 2017 yalishuka na gemu bado zipo? Mwaka ule wa 2017 magenge mawili makubwa ya kule yalikuwa yamevunja urafiki wao wanauana magerezani na mitaani wakigombania biashara ya kokeini, hayo hayana uhusiano wowote na kijana aliyekaa mbele ya skrini. Hapo ndo huwa naumia na hizi hoja za grupu, mtu anachukua vitu viwili vilivyotokea pamoja anasema hiki kimezaa kile, basi, watu mia wanafowadi.

Ukitaka kuangalia kwa upande wa pili angalia Marekani. Mwaka 1991 makosa ya kutumia nguvu yaliyoripotiwa polisi yalikuwa karibu 758 kwa kila watu 100,000, na 2019 yalikuwa yameshuka chini ya 400. Katikati ya miaka hiyo ndo ilitoka Doom 1993, Grand Theft Auto III 2001, Grand Theft Auto V 2013 ambayo imeuzwa mamilioni kwa mamilioni. Yaani gemu za damu zilikuwa zinapanda na uhalifu unashuka, kwa karibu miaka thelathini. Tena sisemi gemu ndo zimeushusha, maana nitakuwa nafanya kosa la yule mwenzenu. Nasema tu kwamba kama gemu zingekuwa chanzo kikubwa tungeona kitu kwenye takwimu, na hatukioni. Japani watu wanacheza gemu tangu zamani, wazee kwa watoto, na mauaji yao ni kati ya machache kabisa duniani, hayafiki hata mtu mmoja kwa kila watu 100,000.

Kuna wachumi walienda mbele zaidi, wakalinganisha wiki ambazo gemu za kupigana zinauzwa sana na matukio ya uhalifu ya kipindi hicho hicho, na hawakukuta uhalifu umepanda, walikuta kama unashuka kidogo. Wengine walishaona hivyo hivyo kwenye sinema za mapigano, utafiti wa 2009. Maelezo yao ni mepesi na mimi yananiingia akilini: kijana ambaye angekuwa nje usiku, amelewa, anatafuta shari, saa hizo yuko ndani amekaa. Sheria ya kufungia haifikirii hilo kabisa, inahesabu yale anayoyaona kwenye skrini tu, haihesabu pale ambapo angekuwa kama asingekuwa anacheza.

Lakini nisikufiche upande mwingine, maana na wenyewe wana utafiti. Mwaka 2018 ilitoka kazi iliyokusanya tafiti 24 zenye vijana zaidi ya 17,000, ikakuta wanaocheza sana gemu za kupigana wanaongezeka kidogo ukorofi kadiri muda unavyokwenda. Kidogo, hilo neno usiliruke. Na ukorofi wanaopima hapo ni mambo kama kusukumana, kupiga mwenzake shuleni, si kuua mtu wala kuvamia nyumba. Mwaka huo huo wanasayansi Ujerumani walichukua watu wazima, kundi moja wakalipatia Grand Theft Auto V wacheze kila siku miezi miwili, kundi lingine gemu ya kujenga maisha ya familia, kundi la tatu hawakucheza chochote, mwishoni wakapima hasira na ukatili hawakuona tofauti ya maana. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford wakaangalia vijana kama 1,000 wa miaka 14 na 15, umri wa huyo wako kabisa, wakawauliza na wazazi wao pia kuhusu tabia, nao hawakuona uhusiano. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani chenyewe, ambacho mwaka 2015 kilikuwa kimesema gemu zinaongeza ukorofi, 2020 kilitoa tamko kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuziunganisha na vurugu, na kikasema kabisa kuzisingizia gemu kunatuondoa kwenye sababu zenyewe.

Na kuna jambo moja kuhusu kufungia ambalo wenzako kwenye grupu pengine hawajalifikiria. Machi 2019 huko Gujarat, India, maafisa wa baadhi ya miji walipiga marufuku PUBG, ile gemu ya kupigana risasi ya kwenye simu, na ndani ya siku chache polisi wa Rajkot wakaanza kukamata vijana, wanafunzi wa chuo, kosa lao wameshika simu wanacheza. Fikiria hilo dada. Kijana ambaye hajaiba, hajapiga mtu, anaingia kituo cha polisi kwa sababu ya gemu. Nepal walifungia mwezi uliofuata na mahakama yao ya juu ikasimamisha amri hiyo siku chache tu baadaye. Sheria iliyoletwa ili kupunguza wahalifu inaanza kwa kutengeneza wapya, na watoto ndo wanaolipa. Sahihi zenu zikifanikiwa, wa kwanza kuguswa ni huyo wa miaka kumi na nne, maana jambazi wa kweli hasubiri gemu.

Sasa yeye mwenyewe. Miaka kumi na nne ni mdogo kwa gemu za 18+ na una haki yote ya kumwambia hii hapana, subiri. Huhitaji serikali kwa hilo. Ila kabla hujamnyang'anya kaa naye, mwambie akuonyeshe anachezaje, na sikiliza hasa ile maiki, nani anaongea naye huko ndani, maana kwenye gemu za mtandaoni hatari ambayo mimi ingeninyima usingizi ni mtu mzima asiyejulikana anayemwita rafiki na kumwomba picha, si ile damu ya kuchora. Angalia usingizi wake, angalia kama bado anatoka na wenzake, kama hela zinapotea kwa kununua vitu vya ndani ya gemu. Umesema humuoni kama mkorofi, na wewe ndo unamwona kila siku, kwahiyo macho yako yaamini kuliko grupu.

SWALI: Mambo mhariri, mimi nina miaka 19 nacheza gemu tangu mdogo na nimechoka. Kila kukitokea mauaji ya shule kule Marekani mzee wangu ananiangalia vibaya anasema ndo haya magemu yako. Nimjibu nini bila kumkosea adabu? – *Mchezaji*

JIBU: Mdogo wangu, mweleze taratibu na uwe na vitu mkononi. Mwaka 2007 kwenye chuo cha Virginia Tech waliuawa watu 32, na siku hiyo hiyo kuna watu walishaanza kwenye televisheni kulaumu gemu, baadaye kamati iliyochunguza ikakuta yule kijana aliyeua hakuwa mchezaji wa gemu za vurugu, wenzake wa chumbani hata hawakuwahi kumwona anacheza. Kilichojaa kwenye ripoti ni ugonjwa wa akili ambao watu walishauona na hawakuufuatilia, na bunduki alizonunua dukani wakati kisheria hakutakiwa kuuziwa.

Kabla ya hapo, idara ya usalama ya Marekani pamoja na wizara yao ya elimu walishachunguza mashambulio 37 ya shuleni yaliyofanywa na vijana 41, wakakuta kama asilimia 12 tu ndo walionyesha kupenda gemu za vurugu. Kilichokuwa kikubwa zaidi ni maandishi yao wenyewe, zaidi ya theluthi walikuwa wanaandika vitu vya kutisha kwenye insha na madaftari, na wengi walikuwa wamewaambia wenzao kabla. Mzee wako akisikia hilo nadhani atakuelewa, maana linampa kitu cha kufanya: kumsikiliza mtoto anachosema na kusoma anachoandika.

Na ile kesi ya Leicester, Uingereza, Februari 2004, inauma mpaka leo. Kijana wa miaka 14 aliuawa na rafiki yake wa miaka 17, familia ya marehemu ikalaumu gemu ya Manhunt, maduka kadhaa yakaitoa. Polisi walisema nia ilikuwa wizi, muuaji alikuwa na deni la madawa ya kulevya, na kopi ya gemu ilikutwa chumbani kwa marehemu, si kwa muuaji. Wazazi waliopoteza mtoto siwalaumu hata kidogo, mtu akifiwa hivyo anatafuta pa kushika. Nawalaumu wale waliochukua maumivu yao wakayafanya kichwa cha habari na lile deni la madawa wakaliacha pembeni, kwa sababu vijana wengine wenye deni kama lile walikuwepo na hakuna aliyewaulizia.

Adabu hutaikosa. Mpe mzee simu, mwombe acheze na wewe siku moja.

SWALI: Mhariri mimi ni mwalimu. Kama kufungia hakusaidii, basi hata hizi namba za umri kwenye gemu tuzitupe? – *Mwalimu*

JIBU: Hapana mwalimu, usizitupe, ni vitu viwili tofauti. Namba ya umri haikuja kupunguza ujambazi, imekuja kumwambia mzazi kilichomo ndani. Marekani walianza 1994 baada ya maseneta kuwaita kampuni za gemu mwaka 1993 kwa sababu ya gemu za Mortal Kombat na Night Trap, Ulaya wana mfumo wao tangu 2003 wenye 3, 7, 12, 16 na 18.

Na Australia ndo inaonyesha ubaya wa kutokuwa na namba sahihi. Mpaka mwisho wa 2012 hawakuwa na daraja la 18+ kwa gemu, la juu kabisa lilikuwa 15+. Gemu ya watu wazima ikija ni ama inakataliwa moja kwa moja au inabanwa iingie 15+, na baadhi ya gemu ambazo nchi nyingine ziliwekewa 18 kule zikauzwa kihalali kwa mtoto wa miaka 15. Yaani ukali wao ulimfikishia mtoto kile walichotaka kumzuia. Januari 2013 wakaweka 18+ na hayo yakapungua.

Kwahiyo kwenye kikao cha wazazi kijacho wafundishe kusoma hiyo namba na alama ndogo za pembeni yake, nyingine zinaonyesha kama kuna vurugu, matusi, kamari au kununua vitu kwa hela halisi, halafu waonyeshe jinsi ya kuweka kizuizi cha umri kwenye simu ya mtoto. Inachukua dakika chache, na wazazi wengi hawajui kama kipo.