Mbona ua langu fupi limerefuka?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nilinunua krisanthemamu ya kwenye chungu, ilikuwa fupi imejaa maua. Nikaikata baada ya maua kuisha, sasa imechipua mirefu hadi inalala. Nimeuziwa feki? – Mama Neema, Arusha

JIBU: Marahaba mama. Hapana, sio feki, ila kuna uwezekano mkubwa ilipigwa dawa ya kudumaza pale kitaluni, mambo ya daminozaidi au paklobutrazo, maana hizi zinazuia mmea kutengeneza jibereli, ile homoni ya kurefusha shina, na dawa ikishaisha nguvu mmea unarudi kwenye urefu wake wa asili, hakuna ujanja hapo.

Sasa ndani ya seli iko hivi: kuna protini zinaitwa DELLA, hizo ndio breki. Jibereli ikifika inashikwa na kipokezi kinaitwa GID1, halafu hivyo viwili vinaikamata DELLA inapelekwa kuvunjwavunjwa, shina linaanza kujivuta. Jeni ya DELLA, yaani chembe ya urithi inayoitengeneza, ikiwa na hitilafu ya kuifanya isivunjike, mmea unabaki mfupi hata uumwagie jibereli, na ufupi huo unarithiwa. Alizeti fupi za aina hiyo zipo, hata ngano fupi zilizosambaa miaka ya 1960 ni DELLA hiyohiyo. Ndio maana mimi napenda ufupi wa jeni kuliko wa dawa.

Hiyo yako ikate ncha mapema ikiwa changa, iweke kwenye jua la kutosha, kivulini itazidi kurefuka tu.