Kabla hujasema mafuta ya alizeti ya kwetu ni mabaya

Nina duka la vyakula karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma, na kila siku humwona mteja akifungua kizibo cha dumu la mafuta ya alizeti, akinusa, akiliinua kutazama kama kuna mashapo chini, kisha akiniambia, "Basi nipe yale ya nje." Zamani nilimwona kuwa hana uzalendo. Siku hizi namwelewa, maana nami yamenikuta.

Nilichukua madumu 20 ya lita 5 kutoka kiwanda kidogo cha kukamua alizeti upande wa Singida, yakaisha upesi na wateja wakayaulizia tena. Mzigo wa pili ulikuwa mwingine kabisa: mafuta yalitoa povu hadi kumwagika jikoni, na sita kati ya madumu hayo yalirudishwa yakinuka mchacho. Mwenye kiwanda alikiri kwamba chujio liliharibika, lakini hakutaka kupoteza oda. Nilikasirika sana, ingawa haki isemwe, mimi pia nilikuwa nimeyapanga madumu hayo nje ya mlango yapigwe na jua kutwa nzima ili yavutie wapita njia, na mafuta ya alizeti hayavumilii jua wala joto.

Kwa hiyo simshauri mtu anunue bidhaa ya nyumbani kwa kuionea huruma. Nunua lita 1 kwanza, uikaangie, ndipo uchukue dumu. Rangi nzito na harufu ya mbegu si kasoro, kwa sababu ndivyo yalivyo mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani. Kasoro ni ule mchacho unaokwaruza koo. Tazama alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na tarehe ya kutengenezwa, na ukikuta muuzaji ameyaanika barabarani, pita. Wapo wanaotegemea msimbomilia, ile mistari myeusi yenye namba kwenye kibandiko, unaoanza na 620 wakidhani ni uthibitisho kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania, kumbe tarakimu hizo huonyesha tu kwamba namba ilitolewa na ofisi ya hapa nchini.

Hayo "ya nje" nayo yana kisa chake, kwani mengi ni mafuta ya mawese yanayoletwa yakiwa ghafi kutoka Malaysia na Indonesia, kisha husafishwa na kufungashwa Dar es Salaam. Mteja wangu hulipia kazi ya kiwanda cha Mtanzania huku akiamini ameikwepa.

Ukipata mafuta mabaya, usiishie kulalamika kwa jirani. Yarudishe dukani pamoja na kibandiko chake, kwa sababu mwenye kiwanda akitajiwa namba ya toleo hana pa kujificha; mimi ndivyo nilivyolipwa fedha za madumu manne kati ya yale sita, na mawili nikayabeba mwenyewe kwa ajili ya lile jua.