Funika maua, tazama maji

SWALI: Mzee, shikamoo. Binti yangu anasoma Ufaransa, amenitumia picha ya maua ndani ya chombo cha kioo. Nyuma imeandikwa Manet, mnamo 1882, Musée d'Orsay, yaani jumba la makumbusho la Paris. Nikiisogelea naona mabaka ya rangi tu. Nikirudi nyuma, maua mabichi kabisa. Baba Neema anasema mchoraji alilipua kazi. Mimi hunitia huzuni, na sijui kwa nini. — Mama Neema, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Manet, mchoraji huyo Mfaransa, hakulipua. Picha hiyo naipenda mno, na ilinisumbua miaka, maana mimi nimelelewa na uchoraji wa Tingatinga. Kwetu unapaka rangi ya nyuma, unaiacha ikauke, ndipo unamweka ndege au ua, na kila rangi inakaa ndani ya mpaka wake. Manet hakusubiri. Aliweka mbichi juu ya mbichi, ndiyo maana kingo za petali zinayeyuka. Tazama lile ua la zambarau, klematisi: brashi imebonyezwa, ikavutwa, ikanyanyuliwa, na petali imekwisha.

Sasa funika maua yote kwa kiganja, ubaki na kioo. Mashina ni michirizi ya kijani iliyokatikakatika. Maji ni kijivu na buluu kidogo, na weupe mzito umeguswa hapa na pale. Ukiyatafuta maji yenyewe huyapati, lakini ukitoa mkono, chombo kimejaa. Mwambie Baba Neema ajaribu kwa penseli za rangi, ataona kazi iliyomo.

Kuhusu huzuni: Manet alikuwa mgonjwa, mguu wa kushoto ulimtesa, kusimama mbele ya turubai kubwa hawezi tena. Marafiki walimletea maua, naye akayachora kwenye vipande vidogo. Hiki chako hakifiki sentimita 60 kwa urefu. Aprili 1883 walimkata mguu, na tarehe 30 mwezi huohuo akafariki, ana miaka 51.

Hata hivyo sioni ugonjwa kwenye rangi. Mkono hautetemeki hata kidogo. Kinachokugusa, naamini, ni ile haraka: maua ya kukatwa hayangoji, naye aliyawahi yakiwa bado yamesimama. Halafu nyuma yake hakuna dirisha wala mtu, ni ukijivu mtupu, kwa hiyo jicho lako halina pa kukimbilia. Linabaki na maua.

Itundike mkabala na kiti unachokalia jioni, hatua nne hivi, pasipopigwa na jua. Na ukipita na kikombe cha chai, isogelee tena.