Nilikatisha dawa za kinga ya TB kwa sababu sikuwa naumwa

Dada, umeuliza kama unaweza kuacha dawa za kinga ya TB kwa kuwa mgonjwa ni mumeo, wewe huumwi, na mawifi zako wanasema kumeza dawa ni kujitafutia ugonjwa. Umeshameza wiki nne kati ya kumi na mbili, na keshokutwa unavuka kwenda Ukara kwenye dagaa. Usiache. Mimi niliacha.

Mwaka 2019 kaka yangu, tuliyekuwa tunalala naye chumba kimoja Igombe, alikutwa na TB. Nikapimwa na mimi. Sikuwa na kikohozi, homa, jasho la usiku wala kupungua mwili. Nikaambiwa huenda vimelea vimeshaingia ila vimelala, nikapewa isoniazidi ya kila siku kwa miezi sita, na vitamini B6 ya kuzuia ganzi miguuni. Nilimeza miezi miwili kasoro.

Watu husema wavuvi ni wabishi. Si ubishi. Mgonjwa akimeza dawa anaona kikohozi kinapungua, anapata moyo. Mimi nilichoona ni kichefuchefu tu. Halafu sisi wa dagaa tunaishi kwa kalenda ya mwezi: giza likiingia tunakesha ziwani na taa, mbalamwezi ikitoka tunapumzika. Ukiambiwa meza kila siku saa ileile, saa ipi hiyo, wakati leo umelala saa nne asubuhi na kesho hujalala kabisa?

Na lile kopo! Kila nikisogeza begi kambini vidonge vinalia. Mwenzangu mmoja akaniuliza mbele za watu, "Umeanza lini dozi?" Ukisikia swali hilo kambini ujue wanasema ARV. Nikavihamishia kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga fundo na kuuficha mtumbwini. Usiku mmoja mawimbi yakatuingilia, asubuhi nikafungua nikakuta uji mweupe. Niliporudi zahanati zilikuwa zimepita siku tisa. Mhudumu akanifokea mbele ya foleni kwamba napoteza dawa za serikali. Niliona aibu, sikukanyaga tena.

Mwaka 2021 nikaanza kukohoa. Makohozi yakaonyesha TB. Dozi ya miezi sita, miwili ya mwanzo dawa nne kwa mpigo. Tajiri mwenye mtumbwi akampa mtu mwingine nafasi yangu, na sikumlaumu. Siwezi kuapa kwamba ningemaliza kinga nisingeugua, maana kati ya watu 100 wenye vimelea vilivyolala, wanaokuja kuugua maishani ni kama 5 hadi 10. Ila aliyeambukizwa karibuni, hasa miaka miwili ya mwanzo, ndiye yuko hatarini zaidi. Wewe unalala na mgonjwa, dada yangu.

Nilipougua, mke wangu alipewa hizo hizo zako za mara moja kwa wiki. Alimeza kila Jumapili baada ya ugali wa mchana, kisha anachora mstari wa mkaa ukutani nyuma ya mlango. Mtoto wetu wa miaka mitatu alipewa za kila siku kwa miezi mitatu, za kuyeyusha kwenye maji. Wote walimaliza. Katikati mke wangu alikwenda msibani Ukerewe, lakini alipita kliniki kwanza, wakampa dozi tatu za kwenda nazo na barua.

Na wewe fanya hivyo kesho, kabla ya kivuko. Waambie utakaa muda gani. Bado dozi nane. Waombe za kutosha au barua ya kuendelea kituo cha huko. Dawa ni bure. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, ni rifapentini, mojawapo ya dawa zilizomo kwenye dozi yako. Lakini macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukitapika mfululizo, usimeze tena, wahi kituoni. Pombe weka kando. Kama una kijiti au unameza vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie muuguzi, dawa hii huvipunguzia nguvu.

Mawifi wanaosema unajitafutia ugonjwa, mwachie mumeo azungumze nao, ni dada zake na yeye ndiye anayejua TB ilivyo.

Kopo lako lijaze pamba juu ya vidonge. Halitalia.