Barua kwa mwanangu: beseni la bluu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini hatukuhama mtaa wetu wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, mapema, nami tangu barua yako ifike ninalifikiria beseni, lile la bluu alilotuzawadia bibi yako tulipooana. Baba yako aliporudi kutoka kiwandani, shati limejaa vumbi la kijivu la betri za magari zilizoyeyushwa, nililifua humo, na jioni nikakuogesha humo humo. Hakuna aliyetuambia kwamba vumbi lile ni la madini ya risasi, wala kwamba risasi huingia katika damu ya mtoto na kumdhuru ubongo. Hata mabati yalipoanza kutoboka, tulisema ni chumvi ya bahari.

Tungehamia wapi? Mshahara ule ndio uliokulipia shule. Lakini hapana, siwezi kuifanya karo yako kisingizio, kwa maana nilikusikia ukikohoa kila usiku. Na Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo hata mwanawe akaugua, alipowaongoza wakazi kuandamana, baba yako alinikataza kwenda, nami nikatii. Niliwasikia wakipita, nikaendelea kuchambua mchele. Mwanangu, hilo linanichoma mpaka leo.

Unajua ninavyosema siku zote: aliyechafua ndiye asafishe. Kiwanda kilianza mwaka 2007, kikafungwa 2014, wenyewe wakaenda zao na sumu ikabaki udongoni. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na mtaa usafishwe katika miezi minne. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Watu walizikwa huku majaji wakipokezana faili. Nilifurahi, sikufichi, ila furaha yangu haikuwa ya fedha. Ni kwamba hatimaye ilitamkwa kuwa hatukujiletea wenyewe. Aliyechafua ndiye asafishe.

Kuhusu baba yako, neno ninalo, na limenifika ulimini mara nyingi. Alijua kiasi gani? Wenzake walikuwa wakinyweshwa maziwa ati yaondoe sumu, naye hakuniambia. Sitamhukumu maiti asiyeweza kunijibu, ingawa ningependa.

Beseni ningali nalo, uvunguni mwa kitanda. Sijaweza kulitupa, na aliyeniomba nimempa jingine.

Mama yako