Betri ya simu iliyovimba isitobolewe

Ndugu, umeuliza kama betri ya simu yako, iliyovimba hadi ikainua kioo, inaweza kutobolewa kwa sindano ili gesi itoke na uendelee kuitumia. Tafadhali usiitoboe. Ndani ya ule mfuko laini wa alumini, upande chanya na upande hasi hutenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, uliolowa kimiminika kinachoshika moto. Sindano ikiupenya, pande hizo hugusana, joto hupanda ghafla, nalo huchochea joto jingine hata isiwezekane kulizuia.

Utando huo hushindwa hata bila sindano. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kuziondoa sokoni simu za Galaxy Note 7, na uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha kwamba betri za mtengenezaji mmoja zilikuwa zimebanwa kwenye kona, na za mwingine zilikuwa na mabaki makali ya kulehemu. Hao wana mashine za kupimia. Wewe una sindano ya kushonea.

Zima simu, usiichaji tena, na iweke kwenye sakafu ya saruji au katika sufuria yenye mchanga mkavu, mbali na godoro na mapazia, hadi utakapompelekea fundi, ukimweleza mapema kwamba betri imevimba. Usikibonyeze kioo ili kirudi mahali pake, wala usikifunge kwa mpira. Betri ikishatolewa, mwachie fundi au uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, kwa sababu ikitupwa jalalani itashindiliwa pamoja na taka nyingine.