Mama, usimpeleke kwa mapadri ili achapwe

Juzi mama mmoja wa Katuba ameniandikia. Kijana wake anarudia darasa, anatoroka masomo, nyumbani hasikii tena mtu. "Nataka nimtie kwa mapadri," anasema, "wale watamnyoosha kwa fimbo." Namjibu hapa mbele ya wote kwa sababu wazazi wengi wa Lubumbashi wanawaza vilevile, na jambo hili linaniuma.

Nimesoma shule mbili. Ya kwanza siitaji. Baba hakuwa na kazi, na kila minervali, yaani ada ya shule, ilipochelewa mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu, akawaambia wanitazame vizuri. Fimbo nayo haikukosekana. Mpaka leo nikipita njia ile naharakisha. Nilichojifunza pale ni kujificha na kusema uongo.

Halafu mjomba akanitafutia nafasi kwa Wasalesiani, mapadri wa shirika la Don Bosco. Padri aliyeshika nidhamu, yule niliyemwogopa kabla sijamwona, nilimkuta saa ya rekreasio, ile ya mapumziko, anacheza mpira na wadogo, amejaa vumbi. Alitujua kwa majina. Aliponiona nakaa peke yangu ukutani, hakuniita ofisini. Alikuja akakaa kando yangu, akauliza habari za nyumbani. Kesho yake akanikabidhi ufunguo wa maktaba: mimi ndiye wa kufungua kila asubuhi. Mtoto aliyezoea kuchelewa akawa wa kwanza kufika getini! Miaka iliyofuata ni ya kusoma tu. Diploma nimepata, leo nafundisha hisabati, na ninajivunia.

Mama, yule padri hakuwa tu na moyo mwema. Alifuata njia iliyoandikwa. Don Bosco, padri Mwitalia mwanzilishi wa Wasalesiani, aliyeanza kwa kukusanya vijana maskini wa Torino na kuwatembelea wale waliofungwa gerezani, mwaka 1877 aliandika kwamba kuna namna mbili za kulea: kumngoja kijana akosee umwadhibu, au kukaa naye karibu hata kosa likose nafasi. Yeye akachagua ya pili, akaijenga juu ya akili, dini na upendo. Mwaka 1884 akawaandikia wenzake kwamba haitoshi kuwapenda vijana, lazima wao wenyewe wajue kwamba wanapendwa. Wasalesiani waliofika hapa mwaka 1911, mji ungali unaitwa Élisabethville, walikuja na mafundisho hayo. Fimbo imetokea wapi?

Basi ukitafuta shule, usianze na asilimia za mtihani wa Serikali. Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule zetu za Kikatoliki zinafuata programu ileile ya taifa; tofauti haiko kwenye daftari. Nenda saa ya rekreasio. Tazama walimu wako wapi. Wakiwa wamejifungia chumbani mwao na watoto wako peke yao uwanjani, msalaba wa getini usikudanganye. Wakiwa katikati ya watoto, mwandikishe. Nasema tena: nenda saa ya rekreasio.

Na wewe pia, mama. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1965, ulisema wazi kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, shule inawasaidia tu. Huwezi kumtupia padri mtoto kama gunia la makaa, ukarudi sokoni umetulia. Ukiitwa shuleni, nenda. Jioni muulize ameketi na nani, amecheka na nani, si pointi peke yake. Wazazi wenzangu, tunalipa minervali kwa jasho halafu hatujui hata jina la mwalimu wa mtoto! Tubadilike.

Huyo kijana wako anatoroka kwenda wapi? Hujaniandikia hilo. Muulize leo, bila mkanda mkononi, kisha uniandikie tena kabla hujaenda kumwona prefe, mkuu wa shule.